Chavua Isiyo na Kibali

"Karibu, mwanangu. Kushona au kurekebisha?"

Bi Atuganile Mwangoka aliuliza bila kuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, na mkono ukawa unausukuma mshono wa ovaroli ya rangi ya chungwa, nguo ya wafanyakazi wa Kituo cha Mvuke, kinachozalisha umeme kwa mvuke wa chini ya mlima. Jaji Tusekile Mwasandube alibaki mlangoni, koti lake likichuruzika maji ya mvua ya Tukuyu. Kazi hii alikuwa ameifanya mara chache tu.

"Si kushona, mama. Mimi ni Jaji Mwasandube, kutoka Mahakama ya Faragha. Naomba tukae."

Cherehani ikanyamaza.

Hapakuwa na mtu mzima nchini asiyejua maana ya jaji kupiga hodi. Bunge liliikubalia Idara ya Usikivu iwasikilize raia kwa ajili ya usalama wa taifa, mradi jaji atoe kibali kwanza. Kisha, baada ya kashfa kufuatana, likaongeza kifungu kifupi: kibali kikiisha na mtu akaonekana hana kosa, jaji yuleyule aliyetia sahihi aende kwake mwenyewe, amtazame usoni, amwambie. Si karani, si ujumbe wa simu. Mawakili wa Serikali walikiita kifungu cha hodi, kwa kejeli. Majaji hawakucheka. Tangu kipitishwe, maombi ya Idara yalikuwa yanasomwa hadi ukurasa wa mwisho.

"Ni mimi?" Bi Atuganile aliuliza. "Mlikuwa mnanisikiliza mimi?"

"Ndiyo, mama. Miezi mitatu. Kibali kilikwisha wiki iliyopita. Hukukutwa na lolote."

"Kwa kosa gani?"

"Mtu asiye mfanyakazi aliingia kituoni amevaa ovaroli iliyotoka kwenye cherehani yako. Idara ilidhani unamfahamu."

"Mimi nashona za kituo kizima." Sauti yake ilikuwa tulivu, ila mikono ilikuwa imeanza kuikunja ile ovaroli, ikaikunjua, ikaikunja tena. "Mtu akianua nguo ya mwenzake kwenye kamba, mimi nitajuaje?"

"Ndivyo tulivyokuja kugundua. Kwa niaba ya mahakama, pole. Sasa naomba nikuonyeshe kilichobaki, ili upate kukisafisha."

Tusekile alifunga dirisha, akatoa mfukoni kurunzi ya ukaguzi, ndogo kama kidole. Alimweleza mama yule kwa maneno ya kawaida. Masikio ya Idara hayakuwa tena waya wala vinasa sauti. Yalikuwa chavua: punje ndogo kuliko vumbi la unga, zinazopeperushwa na droni na kutua ukutani, kwenye pazia, kwenye nywele. Punje moja haisikii kitu cha maana. Zikiwa maelfu, kila moja hudaka kipande cha sauti, na mtambo wa Idara huvishona vipande hivyo vikawa mazungumzo. Zinaishi kwa joto la mwili na la chumba. Kibali kikiisha, Idara hupiga mlio usiosikika na binadamu, nazo hufa.

"Zilizokufa zinaonekana za kijivu, kama majivu ya jikoni," alisema. "Ukipangusa na kitambaa kibichi zinatoka."

Akawasha.

Ukuta ukawaka bluu.

Aliielekeza kurunzi kwenye rafu. Bluu. Kwenye magora ya kitambaa, bluu. Kisha akaishusha pale pembeni, zilipopangwa ovaroli zilizokwisha kushonwa zikisubiri wenyewe, na mapindo yote ya nguo yakang'aa kama yamemwagiwa wino wa mwanga.

"Mbona ni bluu?" aliuliza Bi Atuganile. "Umesema kijivu."

Kabla Tusekile hajafungua kinywa, simu yake ililia. Alipoipokea, sauti ya Kamishna Laban Ngonyani, mkuu wa Idara katika kanda ile, ilikuwa ya chini na ya haraka.

"Mheshimiwa, usimjibu. Mwambie kazi imekwisha, uage, utoke. Niko barabarani hapo chini."

Tusekile akaitazama tena ile bluu. Ngonyani alikuwa amesikia swali la yule mama. Alikuwa nao mle chumbani, na kibali kilikuwa kimekwisha.

"Nipe dakika chache, mama," alimwambia Bi Atuganile. "Narudi. Usimkabidhi mtu nguo yoyote."

*

Kamishna alikuwa ndani ya pikapu ya kuzoa taka, amevaa gamboti, mwanamume mnene mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimfungulia mlango wa abiria.

"Mlipiga mlio wa kuziua?" Tusekile aliuliza kabla hajakaa vizuri.

"Hatukupiga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku moja kabla ya kibali kuisha, ovaroli iliyotundikwa ukutani kwa mtu ilitusikilizisha hiki." Akagusa kioo cha kifaa chake. "Sikiliza kwanza, halafu nihukumu."

Tusekile alijua kwamba alipaswa kukataa. Kibali kilimhusu Bi Atuganile peke yake, na sauti ya mtu mwingine iliyopatikana bila kibali haikuwa halali kwake kama isivyokuwa halali kwa Ngonyani. Lakini alitaka kujua anakataa nini. Akasikiliza.

Kijana mmoja alisema: "Ijumaa ya wiki ijayo, zamu ya mchana. Koki kubwa tatu. Tukizifunga kwa mpigo, mvuke utajitafutia njia."

"Na walioko chini?" sauti ya pili iliuliza.

"Wataambiwa watoke."

"Na nani?"

Kikombe kikawekwa juu ya meza.

"Walifukua makaburi ya babu zetu ili wapitishe bomba," kijana wa kwanza akasema hatimaye. "Nani aliwaambia wale watoke?"

Ngonyani akazima. "Wa kwanza tunamjua, anaitwa Gwakisa, alifukuzwa kazi pale kituoni. Wa pili hatumjui bado. Nahitaji siku mbili. Mheshimiwa, ninachoomba ni kibali kipya chenye tarehe ya wiki iliyopita, kinachowahusu wote wanaovaa nguo za duka hili. Ukitia sahihi, kila tulichosikia kinakuwa halali na tunawakamata wote wawili."

"Wote wanaovaa. Ni akina nani hao?"

"Wafanyakazi. Na majumbani kwao. Na wanakopita." Aliona haya kidogo. "Nguo inatembea, mheshimiwa. Inakaa kwenye kiti cha kinyozi, inaingia kanisani. Kwa sasa karibu mji mzima."

"Hicho si kibali, Kamishna. Hiyo ni sensa."

"Chini ya ule mlima kuna watu zaidi ya mia kwa zamu moja."

Tusekile alitazama mvua ikiteremka kwenye kioo. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Sauti ile ilikuwa ya kweli. Kama angekataa na Ijumaa ikafika, majina ya waliofia chini yangesomwa, na mwisho wa majina hayo lingesomwa lake. Kalamu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa tarehe tu. Mtu angeweza kuandika tarehe moja ya uongo, akaokoa watu, akalala usingizi.

Lakini alijua pia kitakachofuata. Mwaka ujao Ngonyani, au mwingine mwenye haraka kuliko Ngonyani, angekuja na sauti nyingine ya kutisha na tarehe nyingine ya nyuma. Na jaji atakayekuwepo angeambiwa kwamba Mwasandube alikwisha kufanya hivyo.

"Wewe unataka kuwajua ni nani," alisema polepole. "Mimi nataka walioko chini wasife. Hivi ni vitu viwili. Watoe watu. Funga kituo leo."

"Tukifunga kituo, Nyanda za Juu nzima inakaa gizani. Na hao wawili watajua tumewashtukia. Watakimbia."

"Wakimbie. Wafuate kwa miguu. Uliza majirani, weka vizuizi, fanya upelelezi uliofundishwa chuoni. Huyo Gwakisa alifukuzwa kazi kwa fujo, na hilo halihitaji chavua kulijua."

"Na wakirudi mwaka ujao, mahali pengine, mimi sina sikio?"

Tusekile aliigusa kalamu mfukoni, akaiacha.

"Hilo linaweza kutokea," alisema. "Ila tarehe ya uongo siandiki."

Alitoa kifaa cha mahakama, akakisogeza mdomoni, akatamka amri yake mbele ya Kamishna, neno kwa neno: kituo kifungwe na wafanyakazi watolewe mara moja kwa tahadhari ya usalama, chavua zote zilizotokana na kibali kilichokwisha ziuawe kesho saa sita mchana, sauti zote zihamishiwe mahakamani na zifutwe, na kila aliyesikilizwa bila kibali ajulishwe.

"Nitakata rufaa," Ngonyani alisema. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyechoka sana.

"Ndiyo haki yako. Jopo linakaa kesho asubuhi. Lakini kituo kinafungwa leo, rufaa haizuii tahadhari."

Aliteremka, akapandisha barabara ya matope kurudi dukani.

*

Bi Atuganile alikuwa amekaa palepale. Kurunzi aliyoachiwa alikuwa ameiwasha mwenyewe, anaizungusha chumbani taratibu.

"Ni bluu kwa sababu ziko hai," Tusekile alimwambia akiwa bado amesimama. "Idara haikuziua. Imekusikiliza wiki nzima bila ruhusa, na hata sasa inatusikia. Nimeamuru zizimwe kesho saa sita, ila Idara inakata rufaa, na jopo la majaji linakaa kesho asubuhi. Zilipanda pia kwenye nguo, zikaenda na wateja wako."

Mama yule alizima kurunzi. Alipoongea, ile "mwanangu" ilikuwa imetoweka.

"Mheshimiwa, mume wangu alifariki miezi miwili iliyopita. Kanisani sikulia. Nyumbani kulikuwa na wageni, sikulia. Nilikuja hapa, nikafunga mlango, nikalia, nikaongea naye kama niongeavyo na wewe. Mlisikia?"

"Mimi sikusikia. Idara, naamini ilisikia."

"Lakini wewe ulitia sahihi."

"Nilitia, mama."

Bi Atuganile aliinuka, akaichukua ovaroli moja, akaikung'uta kwa nguvu kana kwamba ina siafu.

"Nimewavalisha watu masikio," alisema. "Vijana wananiita mama. Wanakuja na chapati, wanakaa hapo kwenye benchi. Nimewavalisha masikio kwa mikono yangu." Akamgeukia. "Hiyo kesho yenu mnakaa wapi?"

"Mbeya. Lakini mama, jopo linakaa faragha. Aliyesikilizwa haingii."

"Sheria inasema haingii, au hajawahi kuingia?"

Tusekile, aliyeisoma sheria ile mara nyingi kuliko alivyosoma kitu kingine chochote, alivipitia vifungu vyake vyote kichwani.

"Hajawahi," alikiri.

*

Asubuhi, mjini Mbeya, majaji watatu walikaa katika ukumbi usio na dirisha. Mwenyekiti wao alikuwa Jaji Kagemulo, bibi wa Kihaya mwenye sauti ndogo ambayo mawakili waliiogopa. Tusekile alikaa upande wa mashahidi, kwa kuwa jaji ambaye amri yake imekatiwa rufaa huitwa kujieleza. Nyuma yake alikaa Bi Atuganile, na kifurushi magotini. Wakili wa Serikali alimpinga asiingie, na Jaji Kagemulo akamtaka aonyeshe kifungu kinachomzuia. Wakili alipekua kwa muda mrefu, kisha akaketi.

Hoja ya Serikali ilikuwa nzito. Kituo kilikuwa kimefungwa tangu jana na watu wote walikuwa wametoka salama, wakili alisema, na ndiyo sababu hasa chavua zisiuawe sasa: washukiwa wamestuka, wanaongea, na kila saa Idara inakaribia kuwajua. "Tukiziua saa sita, tunajiziba masikio wenyewe wakati adui yuko mlangoni. Na tukiwajulisha wananchi, tunamfundisha kila adui ajaye asivae ovaroli."

"Unasemaje, Jaji Mwasandube?" aliuliza Kagemulo.

Tusekile alisimama. "Nakubali kwamba Idara itapoteza kitu, mheshimiwa, na pengine kikubwa. Lakini mwaka huu mzima Idara imenijia na maombi, nami nimeyapima nikiamini kwamba nikisema basi, inakuwa basi. Kama haiwi, basi mimi si mahakama. Ni mhuri."

"Na hawa watu wawili wakiua mahali pengine?"

"Nitaishi nalo. Sijaja hapa kusema kwamba halinihusu."

Mmoja wa majaji, Jaji Msofe, alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika.

Ndipo Bi Atuganile aliponyoosha mkono kama mwanafunzi. Jaji Kagemulo akamruhusu. Mama alikwenda mbele, akafungua kifurushi, akaitandaza ovaroli juu ya meza ya mawakili.

"Mimi sijui sheria," alisema. "Hii niliimaliza jana. Naomba ile taa."

Tusekile akampa kurunzi. Ovaroli ikawaka bluu, na mwanga ukaonyesha madoadoa ya bluu kwenye kitambaa cha meza, kwenye mkono wa koti la wakili wa Serikali, kwenye karatasi zake. Wakili alirudisha kiti nyuma kwa kishindo.

"Usihame, baba," Bi Atuganile alimwambia bila ubaya. "Una nini wewe hata wasikusikie? Mimi nimekaa nazo miezi mitatu."

Jaji Kagemulo aliitazama nguo ile kwa muda mrefu, kisha akawaangalia wenzake wawili, na bila kutoka ukumbini wakanong'onezana. Kura zilikuwa mbili kwa moja. Jaji Msofe alitaka maneno yake yaandikwe: kwamba anaheshimu amri, na kwamba anaogopa. Amri ya Jaji Mwasandube ikabaki kama ilivyotamkwa.

Walisubiri pamoja hadi saa sita, kwa sababu Kagemulo alisema anataka kuona. Mlio haukusikika na mtu. Ila kwenye meza, chini ya mwanga wa kurunzi, bluu ilianza kufifia kutoka kwenye kola kushuka hadi miguuni, hadi ovaroli nzima ikawa na rangi ya majivu. Kamishna Ngonyani, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alivaa kofia yake akaondoka.

*

Giza lilidumu zaidi ya wiki. Waoka mikate wa Tukuyu walimlaani Tusekile kwa jina, na hospitali iliendeshwa kwa jenereta. Wakaguzi walikuta koki moja imefungwa mnyororo mpya ambao hakuna fundi aliyeujua. Nyingine hazikuwa zimeguswa. Mwenye ile sauti ya pili alikamatwa akivuka mpaka wa nchi pale Kasumulu, baada ya polisi kuuliza kwa majirani wa Gwakisa. Gwakisa hakupatikana. Na Tusekile akapewa uhamisho kwenda kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba, kuanzia mwezi unaofuata, kwa pongezi nyingi za maandishi.

Hakupinga. Alikuwa na siku zilizobaki na mji mzima wa kuupigia hodi. Alianza siku ileile alipopata barua ya uhamisho, na Bi Atuganile akamfuata bila kualikwa. "Nguo ni zangu," alisema tu.

Walikwenda nyumba kwa nyumba. Baba mmoja aliuliza kama walimsikia akikoroma, akaangua kicheko, kisha ghafla akakumbuka jambo jingine, na kicheko kikamfia. Mke wa fundi bomba aliwafungia mlango. Kijana mmoja alimwomba Bi Atuganile msamaha kwa maneno ya kumsengenya aliyoyatoa siku moja akiwa nyumbani, wala Bi Atuganile hakuwa na habari nayo. Kila nyumba Tusekile alisema yaleyale: ulisikilizwa bila ruhusa, chavua zimekufa, sauti yako inafutwa mahakamani Mbeya, pole. Sauti zilikuwa zinafutwa mtaa baada ya mtaa, na ile iliyokuwa hatari zaidi, ya nyumbani kwa Gwakisa, aliamuru ianze.

Siku ya tatu walifika kwenye nyumba hiyo. Aliyefungua alikuwa Bi Tupokigwe, mama yake Gwakisa, mjane mwembamba aliyevaa sweta la kiume. Alisikiliza maneno yote amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Kwa hiyo mnayo sauti ya mwanangu," alisema.

"Ilikuwepo, mama."

"Nisikilizishe."

Tusekile akadhani hakuelewa. "Mama, ilipatikana kinyume cha sheria. Nimeamuru ifutwe. Imefutwa juzi."

"Yote?"

"Yote."

Bi Tupokigwe alitazama barabarani, upande ambao mtu akitoka mjini huonekana mara ya mwisho.

"Najua alitaka kufanya nini," alisema. "Polisi wameniambia. Akirudi, nitampeleka mimi mwenyewe. Lakini sijui kama atarudi. Nimekaa naye humu miezi yote hiyo tukila, tukibishana kuhusu redio, tukiongea upuuzi. Mlikuwa nayo yote hiyo." Alimtazama usoni. "Ungeniuliza kwanza, mheshimiwa."

Bi Atuganile, pembeni, aliinamisha kichwa.

Tusekile alitafuta kifungu. Vilikuwepo vifungu. Alikuwa amefanya lililo sahihi, na jopo lilikuwa limemuunga mkono, na mama huyu alikuwa na haki. Alikuwa ameamua juu ya sauti ya watu hawa bila wao kuwepo, kama Ngonyani.

"Kweli, mama," alisema. "Nilipaswa kukuuliza."

Alitoa simu, akampigia karani wa mahakama palepale mlangoni.

"Simamisha kufuta. Zilizobaki zifungiwe kwetu, Idara isizisogelee, na mtu wetu yeyote asisikilize hata sekunde moja. Nitamuuliza kila mwenye sauti: anaitaka, au ifutwe mbele yake."

"Mheshimiwa," karani alisita, "hiyo itachukua miezi. Nawe unahama."

"Bado ni jaji wa mahakama hii hadi mwisho wa mwezi. Andika kama amri, ili atakayekuja baada yangu akute mlango umekwisha kufunguliwa. Na wale ambao zimekwisha kufutwa, nitawarudia mmoja mmoja niwaeleze."

Alipokata simu, Bi Tupokigwe alikuwa bado anamtazama. Hakukuwa na shukrani usoni pake, na Tusekile hakuitarajia. Mama yule alirudi ndani, akasikika akisogeza kitu sakafuni, kisha akatokea na vigoda viwili na kimoja chake.

"Kaeni," alisema. "Sasa na mimi nina ya kuwauliza."

Tusekile akavua koti, akakaa.